Chupa Ina Jina, Fundi Hana

Anayesimama alfajiri penye mpaka wa Lavington na Kawangware huiona misafara miwili ikipishana. Wa kwanza ni wa wanaoingia Lavington: yaya, watunza bustani, waashi na walinzi wa zamu ya mchana, wakienda kwa miguu ili nauli ibaki mfukoni. Wa pili ni wa wanaotoka: walinzi wa usiku wenye macho mekundu, na vijana wa mikokoteni na magunia. Siku ya Jumatatu, na hasa baada ya Krismasi na Mwaka Mpya, magunia hayo hulia njia nzima. Ni chupa zinazogongana, na nyingi kati yake ni chupa za mvinyo.

Mvinyo wenyewe ulibaki kule kule. Hili ndilo jambo la kwanza tunalotaka msomaji alikumbuke tunapozungumzia sanaa inayotokana na chupa hizi. Kibera nayo ina jirani wa namna hiyo: upande mmoja uwanja wa gofu wa Royal Nairobi, uliokuwako tangu 1906, upande mwingine njia za kwendea Karen na Lang'ata. Mvinyo hunywewa huko. Chupa yake huja kuzikwa, au kuzaliwa mara ya pili, katika mitaa ya mabanda.

Huenda msomaji akauliza mbona ni chupa ya mvinyo na si ya bia. Jawabu ni jepesi. Chupa ya bia ina kwao. Huenda kwa kreti na kurudi kwa kreti, na mwenye baa asiyerudisha idadi kamili hulipa. Chupa ya soda ya kioo ni vivyo hivyo. Lakini chupa ya mvinyo haina kwao. Imesafiri kwa meli kutoka Afrika Kusini, Chile, Ufaransa, Italia au Hispania, ikashukia Mombasa, ikapandishwa Nairobi kwa lori, na siku inapofunguliwa safari yake imekwisha. Hakuna anayeingoja irudi. Tena ni nzito: chupa ya kawaida ya mililita 750 huwa na uzito wa karibu nusu kilo ikiwa tupu, kwa hiyo anayeibeba mgongoni kutoka Lavington anabeba kioo kingi kwa fedha kidogo.

Akifika nayo mtaani, njia ni chache. Anaweza kuipeleka kwa mnunuzi wa skrepa, ipimwe kwa kilo, ivunjwe, iende kuyeyushwa kiwandani. Anaweza kumuuzia mwenye kutia asali, mafuta ya kupikia au njugu karanga zile zinazouzwa kando ya barabara. Na wapo wanunuzi wengine wasiopenda kuonwa mchana, wale wanaotafuta chupa safi yenye lebo nzima ya kinywaji cha bei ili watie humo uchafu wao. Hilo si jambo la kuchekwa katika nchi hii. Mnamo Novemba 2000 pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 100 katika Mukuru na vitongoji vingine vya Nairobi, na 2014 maafa ya namna hiyo yalirudi katika wilaya kadhaa za zamani za Mashariki na Kati. Kila chupa iliyokatwa shingo na fundi ni chupa ambayo haitatiwa sumu tena. Sijui kama kuna fundi aliyepata kupewa ahsante kwa hilo.

Ama njia ya nne ndiyo iliyotuleta hapa: chupa kuangukia mikononi mwa mtu mwenye jicho.

Kazi yenyewe yafaa ielezwe, kwa kuwa wengi wanaoisifu hawaijui, na wengi wanaoidharau hawaijui vile vile. Kuikata chupa si kuivunja. Fundi huizungusha polepole dhidi ya kikata kioo kilichofungwa imara juu ya ubao, mpaka mstari mmoja mwembamba ukutane na mwanzo wake bila kupita juu wala chini. Kisha humimina maji ya moto juu ya mstari huo, halafu ya baridi, halafu ya moto tena. Kioo hutanuka na kunywea, na penye ule mkwaruzo hakiwezi kuvumilia. Chupa hugawanyika kwa sauti ndogo kama ya ukucha. Wengine hufunga uzi uliolowa mafuta ya taa, wakauwasha, wakautumbukiza mtungo wote katika maji baridi. Njia hii ya pili hupendeza watazamaji, lakini hula chupa nyingi. Mwandishi wa maneno haya aliijaribu jikoni kwake: chupa sita ziliingia, bilauri moja ikatoka, na hiyo moja hukaa upande.

Baada ya hapo huja msasa, na msasa ndio kazi. Ukingo wa kioo kilichokatwa ni wembe. Hauwezi kutiwa mdomoni mpaka usuguliwe kwa msasa mnene, halafu mwororo, halafu mwororo zaidi, na wakati wote uloweshwe maji ili vumbi la kioo lisiruke. Vumbi hilo huumiza macho na mapafu. Sasa msomaji ajiulize: katika mtaa ambamo maji hununuliwa kwa mtungi, ni mafundi wangapi watakaomwaga maji juu ya msasa siku nzima? Hapa ndipo umaskini unapoingia ndani ya kazi yenyewe, wala si katika hadithi inayobandikwa juu yake. Anayetaka kuwasaidia mafundi hawa asianze na mafunzo ya namna ya kutabasamu mbele ya kamera. Aanze na maji, miwani ya kazi na barakoa.

Kisha kuna tabia za chupa zenyewe, ambazo fundi hujifunza kama mchungaji anavyojifunza ng'ombe wake. Ile yenye mabega ya mraba, ya mtindo wa Bordeaux, hukatika vizuri na kutoa bilauri iliyonyooka. Ile yenye mabega yanayoteremka, ya mtindo wa Burgundy, hufaa zaidi kwa taa, maana mwanga hutiririka juu yake bila kukwama. Ile nyembamba na ndefu ya Ujerumani huwa chombo cha ua moja. Chupa ya champagne ni jabali. Imejengwa kustahimili nguvu ya gesi iliyo karibu mara tatu ya ile iliyomo katika gurudumu la gari, na fundi mwenye haraka huiacha. Rangi nayo ina asili yake: kijani hutokana na madini ya chuma na kromi yaliyochanganywa katika kioo, hudhurungi kutokana na chuma, salfa na kaboni. Wala mtu asidhani kwamba vioo vyote ni ndugu. Mwenye kutengeneza shanga akiyeyusha vipande vya chupa mbili tofauti pamoja, huenda ushanga ukapasuka wenyewe usiku, kwa kuwa kila kioo kina mwendo wake wa kunywea kinapopoa. Ndiyo sababu mwenye tanuri hutenga chupa zake kwa aina, kama mama anayechagua maharagwe.

Tanuri, kwa kweli, ndilo pengo. Chupa hulainika kwenye joto la nyuzi 700 hadi 800 hivi, na baada ya hapo lazima ipozwe polepole sana. Jiko la makaa haliwezi kumhakikishia mtu hayo. Ndiyo maana kazi kubwa ya kioo nchini Kenya imejulikana zaidi kule Kitengela, pembeni mwa mbuga ya Nairobi, ambako Nani Croze aliweka makazi yake mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambako kioo kilichotupwa hupulizwa na kumiminwa kuwa vyombo, madirisha na sanamu. Kibera na Kawangware hufanya kile kinachowezekana bila tanuri: kukata, kusugua, kupaka, kufunga waya, kuunganisha kwa saruji. Anayelinganisha vitu vya huku na vya kule asilisahau tanuri.

Vizibo navyo vina kisa chao, na sisi twakiri kwamba tulikuwa tukivitupa bila kufikiri. Kizibo cha kweli ni gome la mti, na karibu nusu ya magome yote ya namna hiyo duniani hutoka Ureno. Mti huo hauguswi mpaka utimize miaka 25 hivi. Gome la kwanza halifai kwa chupa. Huachwa miaka tisa lichipuke upya, nalo la pili halifai. Ni lile la tatu, mti ukiwa umepita miaka 40, linalotoa kizibo laini. Kwa hiyo kidani cha ufunguo kinachouzwa Soko la Toi kwa bei ya chapati chache kimetoka katika mti ambao pengine ni mkubwa kwa umri kuliko aliyekichonga. Kizibo hukatwa kwa kisu kikali kilicholowa, hutobolewa kwa sindano ya moto, huchongwa muhuri wa kuchapia vitambaa, huunganishwa kuwa ubao wa kubandikia barua au kitako cha kuwekea sufuria ya moto. Kwenye ncha moja huwa kimebaki na doa jekundu la mvinyo, na fundi mwenye akili haliondoi; hulipanga likawa ndiyo rangi ya picha. Vizibo vya plastiki, ambavyo siku hizi vimezidi, havina faida hiyo, na vifuniko vya bati vya kuzungusha vimekula soko lililobaki. Kwa hiyo hii ni mali inayopungua.

Na mvinyo? Kuna matone yanayobaki chini ya chupa, yaliyokwisha kuwa siki. Hayo ni wino. Rangi ya mvinyo mwekundu hutokana na ganda la zabibu, na rangi hiyo ni kigeugeu ajabu. Yeyote mwenye magadi jikoni, yale yale yanayolainisha maharagwe na kunde, na aliye na limau moja, anaweza kuiona. Paka mvinyo kwenye karatasi ngumu, ukauke. Pitisha juu yake brashi yenye maji ya magadi: wekundu hugeuka ukawa rangi ya bahari, kati ya buluu na kijani, kama ukungu wa asubuhi juu ya Bwawa la Nairobi. Pitisha limau: wekundu hurudi. Ukizidisha magadi, unaishia na manjano ya majani makavu, na hapo limau halitaokoa tena. Kwa chupa moja ya masalio, pakiti ya magadi na malimau mawili, kijana wa Gatwekera anaweza kuwa na rangi nne bila kuingia duka la vifaa vya sanaa. Kasoro yake ni kwamba jua huila rangi hiyo, na wekundu wa leo huwa hudhurungi baada ya muda. Anayeuza picha ya mvinyo bila kumwambia mnunuzi hivyo anamdanganya. Anayemwambia, na kumweleza aitundike mbali na dirisha, anamuuzia kitu kinachozeeka pamoja naye.

Wapo, bila shaka, wasiotaka kabisa chupa ya pombe iingie nyumbani, hata ikioshwa mara saba, na twaiheshimu imani yao. Hata hivyo Kibera na chupa si wageni. Ardhi ile ilipewa askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya 20, na katika enzi za ukoloni mtaa huo ulikuwa na sifa jijini kote kwa kinywaji kikali kilichoitwa jini ya Kinubi, ambacho wanawake walikitonesha na kukiuza, na ambacho polisi walikiwinda miaka nenda miaka rudi. Fedha ya kinywaji hicho ilisomesha watoto. Sheria ya 2010 ya kudhibiti vileo ilipofuta ile iliyoharamisha chang'aa, wazee kadhaa walicheka kwa uchungu.

Sasa tuje kwenye neno lililotufanya tuandike.

Ishike chupa ya mvinyo kabla haijakatwa, usome lebo yake. Inakwambia jina la shamba. Inakwambia jina la mwenye shamba, mara nyingi na la babu yake. Inakwambia aina ya zabibu, wilaya, nchi, na mwaka zabibu zilipochumwa. Nyingine hata zina sahihi ya mtengenezaji. Kilimo cha watu wa Stellenbosch au Bordeaux kimeheshimiwa kiasi hicho kwenye karatasi isiyo kubwa kuliko kiganja.

Kisha chupa hiyo hiyo inafika Kibera. Mtu anaikata, anaisugua siku mbili, anaifanya taa ambayo ukiiwasha usiku ukuta mzima unakuwa msitu. Taa hiyo inapelekwa katika duka la zawadi, au soko la Kimaasai la katikati ya jiji, au maonyesho ya hisani. Inafungwa kikaratasi kwa uzi. Na kikaratasi kinasema nini? Kinasema kitu hiki kimetengenezwa na vijana wa Kibera. Au na akina mama wa Kawangware. Basi. Lebo ya mvinyo ilitaja mpaka mwaka wa mvua. Lebo ya sanaa imetaja mtaa tu, tena mtaa wenyewe umetajwa ili mnunuzi aone huruma.

Tusieleweke vibaya. Vikundi vinavyowakusanya mafundi na kuwatafutia soko vimefanya kazi kubwa, na vingine vimelipia watoto karo kwa taa na vidani hivyo. Viongozi wake wana hoja: kazi hugawanywa, mmoja hukata, mwingine husugua, wa tatu hupaka rangi, basi jina la nani liandikwe? Tena, wasema, mnunuzi anataka hadithi ya kikundi. Hoja ya kwanza ni ya kweli, na dawa yake ni kuandika majina matatu. Hoja ya pili ndiyo hatuikubali. Mnunuzi anayenunua taa kwa sababu ya huruma hununua moja, akaiweka nyuma ya mlango. Anayenunua kwa sababu taa ni nzuri hurudi kumtafuta aliyeitengeneza. Atamtafuta vipi ikiwa hana jina?

Tumewahi kuipita njia hii. Wakamba walianza kuchonga vinyago vya kuuza tangu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na sifa ya kuanzisha hupewa Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyerudi kutoka vitani Tanganyika na ujuzi huo. Tangu hapo twiga, vifaru na wazee wenye mikuki wamejaa makontena kwenda Ulaya na Marekani. Walisaini wangapi? Jina la Munge twalijua. Maelfu waliomfuata wamebaki kuwa kinyago cha Kenya. Bei nayo ilibaki ya kinyago cha Kenya, ikiteremka kila mwaka kwa sababu asiye na jina hushindana na kila mtu.

Sasa geuka utazame Dar es Salaam. Mnamo 1968 Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kupaka wanyama na ndege juu ya vipande vya mbao laini za dari kwa rangi ya kung'aa ya baiskeli. Vifaa duni kuliko hivyo ni vigumu kupatikana. Aliuawa kwa risasi ya polisi kwa makosa 1972, akiwa amefanya kazi hiyo miaka minne tu. Lakini aliandika jina lake pembeni mwa ubao, na leo jina hilo ni jina la mtindo mzima wa uchoraji, na vijana waliomrithi nao husaini yao. Hakuna anayeiita kazi ile sanaa ya takataka za dari.

Huku kwetu pia mifano ipo, na mingine i papo hapo Kibera. Kundi la Maasai Mbili lilianzishwa 2001 na Otieno Gomba na Otieno Kota, ambao walikuwa waandishi wa mabango: watu waliokuwa wakiandika majina ya vinyozi, hoteli na maduka ya wengine. Walipoamua kuandika ya kwao, Kibera ikapata wachoraji wanaotajwa. Solomon Muyundo, ambaye sahihi yake ni Solo 7, alipita katika kuta na milango ya mtaa huo wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 akiandika maneno ya kuomba amani. Watu waliyasoma, na waliijua sahihi. Cyrus Kabiru, mzaliwa wa Nairobi wa 1984, hutengeneza miwani ya ajabu kutokana na vyuma, nyaya na vifuniko vilivyotupwa, na miwani hiyo imefika majumba ya sanaa ya dunia ikiwa na jina lake. Wajukuu wa Mukuru walialikwa kule Kassel, Ujerumani, katika maonyesho makubwa ya Documenta ya 2022, wakaenda kama wasanii, si kama mfano wa shida.

Na kama mtu bado anadhani chupa ya pombe haiwezi kuzaa sanaa kubwa, na amtazame El Anatsui, Mghana aliyeishi na kufundisha Nsukka, Nigeria. Yeye hakuchukua hata chupa, alichukua vifuniko vyake vya bati. Huvipiga bapa, huvikunja, huvishona kwa waya wa shaba mpaka viwe pazia kubwa kuliko ukuta wa nyumba, zinazoanguka kama kitambaa cha kifalme. Naye hasahau kwamba pombe ya Ulaya ilikuwa mojawapo ya bidhaa zilizobadilishwa kwa watu katika pwani ile ya Afrika Magharibi. Mnamo 2015 alitunukiwa Simba wa Dhahabu kule Venice kwa kazi ya maisha yake yote, na 2023 akajaza ukumbi mkubwa wa Tate Modern jijini London. Huko hakuna kikaratasi kinachosema: kimetengenezwa na watu wa Nsukka.

Jina lina upande wake mchungu, na mafundi wetu wasiupuuze. Kusaini ni kukubali kulaumiwa. Katika masoko ya Nairobi kuna chupa nyingi zilizozungushiwa kamba ya katani, zikapakwa pundamilia wa haraka haraka, ukingo haukusuguliwa, gundi inaonekana. Vitu hivyo vyaweza kuuzwa kwa kuwa ni vya Kibera. Kwa kuwa ni vya mtu fulani, mwenye jina, visingeuzika. Fundi mzuri amekuwa akibeba mzigo wa fundi mzembe chini ya lebo moja, na mzembe amekuwa akila jasho la mzuri. Chanda chema huvikwa pete, lakini kwanza lazima tujue ni chanda cha nani.

Sheria haiwazuii. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inampa mwenye kubuni kazi haki ya kudai kwamba kazi ni yake. Duka linaloondoa jina la fundi na kubandika la mtaa halina hoja ya kujitetea zaidi ya mazoea. Tungependa kuona wenye maduka, na wanaopanga maonyesho ya hisani hasa, wakilikumbuka hilo kabla ya Krismasi ijayo.

Wako pia wengine wenye deni. Bunge lilipitisha 2022 Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, ambayo inamtaka mtengenezaji au mwagizaji wa bidhaa awajibike juu ya bidhaa hiyo hata baada ya kutumika. Chupa ya mvinyo ni bidhaa iliyoagizwa. Ikiwa mwagizaji atalipa hata kidogo kwa kila chupa anayoishusha Mombasa, kuna haja gani fedha hizo ziishie katika semina? Tanuri moja lenye kipimajoto, paa, bomba la maji na stoo ya kutengea chupa kwa aina, liwekwe Kawangware na jingine Kibera, litumiwe kwa zamu na fundi yeyote anayejiandikisha. Nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na ikafaulu wakati wengi walicheka, haiwezi kusema kwamba jambo hili limeizidi nguvu.

Na sisi wakazi wa Nairobi tusijitoe. Hoteli zetu zimejaa taa zilizoletwa kwa meli. Harusi zetu hukodi vyombo vya maua vya plastiki. Mcheza kwao hutunzwa, wasema wazee, lakini ukienda Toi au Kongo ya Kawangware utamkuta mwenyeji akibishana juu ya shilingi hamsini na fundi ambaye mgeni wa jana alimlipa bila neno. Mwenyeji hana sababu ya kuona huruma, na hilo ni jema. Basi aone uzuri, alipe bei ya uzuri, au aseme wazi kwamba kitu ni kibaya na aende zake. Fundi atajifunza zaidi kutokana na huyo kuliko kutokana na anayempiga picha.

Limebaki jambo dogo la ufundi. Mafundi wengine wametuuliza: jina liandikwe wapi, ikiwa kikaratasi huvuliwa na rangi hubanduka? Igeuzeni chupa. Kitako cha chupa ya mvinyo kimebonyea kwa ndani, na kwenye duara lake kuna alama ndogo za kiwanda kilichoisubu na tarakimu za ujazo wake, zilizopigwa katika kioo chenyewe. Katikati ya alama hizo na ukingo kuna nafasi tupu yenye upana wa kidole. Msumari wa chuma kigumu, mkono usiotetemeka na nusu saa vyatosha: jina, Kibera au Kawangware, na mwaka.